Mama Tiketi na Mchezo wa Dobi

Watu wa ukumbini walimwita Mama Tiketi, ingawa kazi yake ilizidi kuuza tiketi. Ndiye aliyekuwa meneja. Alipanga maonyesho, aligombana na mafundi wa taa, na hata choo kikiziba yeye ndiye aliyepigiwa simu. Ukumbi uliishi kwa mchezo mmoja tu wa nyimbo, ule wa harusi, ambao hata watoto wanauimba bafuni. Kila mwaka ulijaza viti vyote, na kwa mapato yake ukumbi ulijikongoja miezi iliyobaki.

Mwaka ule, ukumbi mpya wa upande wa pili wa mji uliunyakua mchezo wa harusi. Mwenye ukumbi akashika kichwa. Mama Tiketi naye alikuwa bado hajajua pa kuanzia pale shemeji yake, mdogo wa mumewe na mwongozaji wa michezo, alipoingia ofisini na bahasha ya karatasi zilizotafunwa na mende.

"Shemeji, nimepata dhahabu."

"Nani anaijua?"

"Hakuna. Ndiyo maana naiita dhahabu."

Ulikuwa mchezo wa nyimbo kuhusu dobi anayepoteza shati la hakimu. Zamani ulionyeshwa kwa wiki moja, ukafa. Shemeji alikuwa na sababu tele za kifo hicho: mvua, umeme, koo la mwimbaji mkuu. Mama Tiketi akauliza kama yawezekana watu hawakuupenda tu. Shemeji akamtazama kana kwamba ametukaniwa mzazi.

Lakini mwenye ukumbi aliposikia kwamba mtunzi ni marehemu, na kwamba mjane wake hataki malipo makubwa ila pasiguswe neno hata moja, akasema huo huo. Kazi ya kuuza ikamwangukia Mama Tiketi.

Alikwenda shuleni. Mwalimu mkuu akamkaribisha kiti kwa furaha.

"Ule wa harusi?"

"Hapana, mwalimu. Wa dobi."

"Ahaa. Na ule wa harusi utakuja lini?"

Alikwenda benki, akaenda kwa chama cha wauguzi, akaenda kwa wenye hoteli. Kote alikuta harusi ile ile. Mhasibu mmoja alimsikiliza kwa utulivu kabisa, akaahidi kuleta ofisi nzima, kisha akamsindikiza hadi mlangoni akiimba wimbo wa bibi harusi. Jioni hiyo mumewe, fundi wa friji, alimwuliza siku imekwendaje. Alimjibu kwamba akisikia neno harusi tena ndani ya nyumba hii, ndoa yao wenyewe itakuwa mashakani.

Mazoezini nako hakukuwa na nafuu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ndefu kupita kiasi, hakimu akieleza sheria ubeti baada ya ubeti, na waimbaji wamesimama nyuma yake kama nguo zilizoanikwa. Sehemu ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa. Madobi walipiga pasi kwa mdundo, mke wa dobi aliimba akitafuta shati kamba kwa kamba, na wafagizi wa ukumbi waliacha kazi wakaja kusikiliza. Lakini nani angevumilia mpaka hapo?

Mjane alihudhuria kila siku, kiti cha mbele, na chupa yake ya chai. Mwimbaji akisema "hizi nguo" badala ya "nguo hizi," aligonga sakafu kwa fimbo na wimbo ulianzwa upya. Mama Tiketi alimeza hasira. Siku moja akaenda kuketi kando yake ili amweleze waziwazi, akakuta hakimu anaimba na mjane anakoroma.

Akamtikisa bega. "Mama, umelala."

"Nililala hata siku ile ya kwanza kabisa," mjane alisema akipangusa macho. "Mume wangu mwenyewe alikuwa akitoka nje kuvuta sigara. Nyimbo za hakimu aliziandika kwa sababu mfadhili alitaka mwanawe aimbe."

"Sasa mbona unatugongea fimbo?"

Mjane alifunga chupa yake ya chai. "Mwanangu, hakuacha kitu kingine. Nikisema hapa alikosea, watu watauliza na kule je. Mwisho watanibakishia nini?"

Mama Tiketi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, siyo kwa hilo. Akamwambia kwa upole kwamba wimbo wa shati ungetosha peke yake kumfanya mtu akumbukwe, lakini lazima kwanza usikike. Mjane akakubali hakimu apunguzwe.

Aliyekataa sasa ni shemeji. "Tunafufua, shemeji, hatuchinji."

"Mwenye mali ameridhia."

"Mwenye mali haelewi sanaa."

Mjane alimgongea fimbo yeye, na hakimu akabakiwa na wimbo mmoja.

Usiku wa ufunguzi ukumbi ulijaa theluthi. Wiki ya pili, nusu. Waliokuja walitoka wakiimba, lakini mwenye ukumbi hakuwa na subira ya kungoja maneno ya mitaani. Alifunga mchezo, akaukodisha ukumbi kwa maonyesho ya samani. Ndipo simu zilipoanza. Wauguzi walitaka safu tatu. Mwalimu mkuu alitaka shule nzima.

"Ule wa dobi bado upo?"

"Tulikubembeleza mwezi mzima, mwalimu."

"Si nilikuwa sijausikia."

Akiwa amezungukwa na makabati na sofa zenye bei, Mama Tiketi aliandika majina ya wote waliopiga. Akayapeleka kwa mwenye ukumbi, akakataa kuondoka mpaka apewe tarehe. Akapewa mwezi mzima wa msimu uliofuata. Safari hii viti vilijaa hata siku za katikati ya wiki, na ukumbi wa upande wa pili ukatuma mtu kuuliza kama mchezo unauzwa. Mjane, si shemeji, ndiye aliyejibu hapana.

Mwenye ukumbi alimwita Mama Tiketi ofisini kumpongeza.

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba mchezo huu una soko," alisema.

Mama Tiketi alishukuru, akatoka, akaufunga mlango polepole sana. Angeufunga alivyotaka, ungeng'oka.