Wanataka Nisomee Kuwalaza Watoto, na Mimi Naogopa

Admin, nifiche kabisa, kwa sababu bosi wangu na dada yangu wote wanafuata hii page.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na nne. Naishi Ruiru na nafanya kazi hospitali moja Thika. Ni daktari wa usingizi, yaani ukienda operesheni mimi ndiye nakulaza, nakaa hapo kichwani kwako nikichunga pumzi yako mpaka mwisho, halafu nakuamsha. Watu wazima nimewalaza wengi na sina wasiwasi nao. Shida yangu ni watoto.

Wiki chache zilizopita bosi wangu, mkuu wetu wa usingizi, mama mkali lakini ananijali, aliniita akaniambia, "Nimekupatia nafasi ya fellowship ya usingizi wa watoto. Hapa hatuna mtu aliyeisomea, na wewe watoto wanakupenda." Hiyo fellowship ni kurudi shule ubobee kwa kitu kimoja, na ukishachagua, hiyo ndiyo kazi yako mpaka uzeeke. Nikasema asante daktari. Nikatoka nikitabasamu, nikafika kwa gari nikakaa tu, hata injini sikuwasha.

Watoto wananipenda kwa sababu huwa nawaimbia wakingoja. Lakini kuimba si kulaza! Wakati wa masomo nilipitia wodi ya watoto haraka haraka, na kila mara mwalimu alikuwa amesimama karibu yangu. Hakuna mtu aliwahi kunikalisha chini akaniambia maisha ya hiyo kazi yakoje, ama mtu anajuaje kama inamfaa. Niliuliza wenzangu kwa group ya WhatsApp, "Nyinyi mlijuaje cha kuchagua?" Mmoja akajibu, "Kujua nini? Mimi nilichukua ile ilikuwa wazi." Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Halafu wiki hiyo hiyo tukawa na mtoto mchanga theatre, kile chumba cha operesheni. Operesheni iliisha vizuri. Nikimwamsha, koo lake likajibana. Kifua kinajaribu kupanda lakini hewa haiingii, na ule mlio wa mashine ya kupima oksijeni ukaanza kushuka, kushuka. Kwa watu wazima unapata nafasi ya kufikiria. Kwa mtoto hiyo nafasi haipo, anabadilika rangi ukimwangalia. Najua cha kufanya, nimekisoma, nimekifundisha hata. Lakini mikono yangu ilikataa. Ilikuwa kidogo tu, lakini ilikataa. Bosi alikuwa hapo, akanisukuma na bega, akainua taya ya mtoto, akabana mask usoni, akasukuma hewa taratibu mpaka koo likafunguka. Mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna hiyo.

Bosi akaniambia, "Hii hutokea kwa kila mtu. Ndiyo maana nataka uende ukasome." Kwake maneno yakaishia hapo. Mamake mtoto naye akanishika mikono yote miwili kwa korido, "Asante daktari, Mungu akubariki sana." Nikaitikia amina huku nataka ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo situlii. Napika chakula kinaungua. Mzee wangu, baba watoto, akiniuliza kitu namjibu kingine.

Kama hiyo haitoshi, Jumapili tulikuwa kwa mama yangu, huko Gitothua. Dada yangu mdogo, tumwite Shiru, akatangaza kwamba kijana wake ambaye hajafikisha mwaka ana ngiri na anafanyiwa operesheni pale kwetu. "Na ni auntie yake atamlaza. Mimi simwamini mtu mwingine." Mama akapiga makofi, "Ngai asifiwe, tuna daktari wetu!"

Nikasema haraka kwamba madaktari hawaruhusiwi kutibu watu wao. Shiru akanifuata jikoni.

"Niangalie. Hiyo ni sheria ama ni uoga?"

Nikaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Kama huwezi kumlaza wa kwetu, hao wa wenyewe utawalaza aje?"

Akachukua mtoto, akaenda zake bila hata kumaliza chai.

Siku ya operesheni, bosi ndiye alimlaza. Mimi nilikaa nje kwa benchi na Shiru kama jamaa yeyote wa mgonjwa. Mlango ulipofungwa, yeye alikuwa anaomba. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nilijua kila hatua wanayofanya huko ndani na kila mahali inaweza kuharibika. Ikafika mahali Shiru akanishika goti, "Wee, mbona unatetemeka kuliko mimi? Mimi ndiye mamake."

Nikamwambia ukweli wote, ya yule mtoto mchanga, na ya mikono yangu. Sikutarajia, lakini alinikumbatia. Kijana akatolewa analia njaa, mzima kabisa. Tukalia sote watatu.

Sasa Shiru ananiambia, "Achana na watoto, baki na watu wazima, usijiue na presha." Mzee wangu anasema hakuna mtu huenda shule akiwa tayari anajua. Bosi anasema woga utaisha nikifundishwa vizuri. Na mimi nawaza, je, usipoisha? Nikigundua katikati kwamba hii haikuwa yangu, nitakuwa nimegundulia juu ya mtoto wa nani?

Leo bosi amenisimamisha kwa korido. "Nipeleke jina ama nisipeleke?" Nimemwomba mpaka Jumatatu.

Madaktari mlio hapa, mlichagua aje? Na wewe mzazi uliyewahi kumwachilia mtoto wako kwa mlango wa theatre, kusema ukweli wa Mungu, ungetaka anayempokea awe mtu anayeogopa kama mimi? Niende ama niache? Nisaidieni mawazo, na msinihurumie.