Muscat ni Maji Mamoja

Shemeji yangu Johari, mjane wa kaka yangu, ameanika kamba wa kuuza hapa Kiongoroni tangu nimjue, na safari zote za dunia hii huzipima kwa maji. Kwenda Salale ni maji mamoja: unaondoka yakianza kujaa, unafika yamejaa. Dar es Salaam, ukijumlisha boti, kusubiri maji na gari, ni siku nzima, na mara nyingine unalala njiani.

Mwaka jana binti yake Subira, aliyeolewa Muscat, alishika mimba ya kwanza. Kwetu uzazi wa kwanza mama mzazi lazima awepo. Johari akaenda shuleni kuomba aoneshwe ramani. Kutoka kwetu hadi Dar, safari ya siku nzima, ukucha wake ulitosha. Kutoka Dar hadi Muscat, shibiri nzima haikutosha.

"Mwezi mzima njiani, shemeji!" aliniambia. "Nikifa huko nani atanizika?"

Mimi nami, mjuaji wa kila kitu, niliona hesabu imenyooka. Hakwenda. Mimba ikaharibika, Subira yuko hospitali peke yake, mumewe kazini. Johari alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka huu Subira akashika mimba tena. Akapiga simu: "Mama, siwezi tena peke yangu." Kisha daktari akasema mtoto huyu hatasubiri siku zake, na mkwe, Ridhiwani, akatuma tiketi ya haraka. Johari akajaza begi mikate ya kumimina na kamba wakavu, chakula cha mwezi.

"Nitafika mjukuu anatambaa," alilalamika, lakini boti yangu akapanda.

Nikamfikisha bandari ya Nyamisati, akapata gari la Dar akalale kwa ndugu. Mimi nikabaki kununua vifaa vya mashine. Kesho yake mchana akapiga simu, sauti inatetemeka: "Tunaingia kwenye ndege, shemeji. Niombee."

Nikamwombea, nikawasha mashine. Maji yalikuwa yanatoka na wenzangu walinikataza, ila ubishi wangu mnaujua. Boti ikakaa kwenye tope, minazi ya Kiongoroni naiona kwa macho. Kushuka siwezi, tope la kiunoni. Nikakaa pale nimenuna, kaa wananitazama.

Magharibi inakaribia, maji ndiyo kwanza yanagusa boti, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shemeji, nimefika."

"Umefika wapi? Ndege imeharibika?"

"Muscat! Subira huyu hapa uwanjani na tumbo lake. Nimemuwahi!"

Subhanallah! Niligeuka nikaitazama bahari ile, ambayo tangu utoto sijaona mwisho wake. Shemeji yangu, mwanika kamba, ameivuka, pamoja na nchi za watu, na mimi sijasogea hata upana wa kasia.

"Na mikate?" niliuliza.

"Sijamega hata mmoja." Akacheka. Halafu kicheko kikakatika, nikasikia analia.

"Shemeji, ni maji mamoja tu. Kama naenda Salale. Mwaka jana mwanangu alikuwa maji mamoja kutoka kwangu, na mimi nimekaa nyumbani namlilia."

Nikamsikia Subira akimwambia, "Basi, mama. Si umekuja?"