Nyoka wa Mkwe Wangu

Mume wa binti yangu ana kibali cha serikali cha kufuga nyoka. Amekitilia fremu na kukitundika ukutani, pale ambapo watu wengine hutundika cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa hawana. Nilimwambia binti yangu hivyo siku ya kwanza, nikiwa nimesimama nje ya mlango wao, mtaa wa Laini Saba, maana nilikuwa nimeapa mbele ya chama chetu kizima cha akina mama kwamba sitakanyaga nyumba yenye nyoka.

Kiapo kilikaa vizuri mpaka mjukuu akazaliwa. Binti yangu anasonga nywele kwenye saluni huko Ayany, na likizo yake ya uzazi ilipokaribia kuisha alihitaji mtu wa kushinda na mtoto. Mimi nilijua mtu huyo ni nani. Lakini jirani wao wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye tabasamu nyingi, alikuwa ameshaanza kumwita mjukuu wangu "baby wangu". Nilisikia wivu mpaka kifua kikaniuma.

"Mathe, sikiza," binti yangu aliniambia. "Mtoi ako hapa, na nyoka ako hapa. Mwenye anaweza kumshika nyoka ndiye atabaki na mtoi."

Haikuwa ukatili. Nyoka akitoka kwenye boksi lake halafu aliyemo ndani apige nduru, majirani wa ploti yote wataingia na mawe na nyundo, tena kwenye chumba kimoja chenye mtoto mchanga. Alitakiwa mtu wa kumwokota na kumrudisha kimya kimya. Mimi mende akipita sakafuni hupanda kiti.

Kulikuwa na shida nyingine. Kwetu Magharibi, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hata kikombe cha chai hanipi mkononi. Anakiweka juu ya stuli, anarudi nyuma, ndipo nakichukua. Na nyuma ya pazia, kwenye kitanda chao, mimi siingii, labda nyumba iwe inaungua. Kwa hiyo nyoka naye alinijia kwa njia ya stuli, kama chai.

Alikuwa nyoka wa kahawia, asiye na sumu, urefu wake kama mkono wangu; mkwe alimwokoa kwa watu waliokuwa wakimpiga mawe. Mkwe alimweka, akarudi hadi ukutani, akageuza uso kwa heshima. Nyoka aliinua kichwa akanitazama. Mimi nilitazama mlango. Nilipopata fahamu nilikuwa kule kwenye reli ya treni, kiatu kimoja mguuni, na wauza mboga wananiuliza ni nani amekufa.

Somo la pili nilisogeza vidole karibu. Nyoka akachezesha ulimi, akavifuata. Mkwe akakohoa, akamnong'oneza mkewe, ingawa sote watatu tulikuwa chumba kimoja, "Mwambie Mum... hiyo mikono."

"Imefanya nini mikono yangu?" nikauliza.

"Anasema inanuka chakula," binti yangu akasema. "Nyoka anadhani umemletea lunch."

Mimi huuza matumbo ya ng'ombe kwenye stendi ya Kawangware 46. Nimelea watoto kwa matumbo, na hakuna mteja aliyewahi kulalamikia harufu. Niliondoka nimefura kwa hasira. Siku chache baadaye nikanunua ndimu na sabuni ya kipande, nikajisugua hadi kwenye viwiko.

Asubuhi moja nikiosha bidhaa yangu ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimekumbatia kitu kirefu, cha baridi, kinachoteleza na kujikunja, na nilikuwa naimba wimbo wa kanisa. Nikaanza mazoezi hapo hapo: kushika katikati, mkono mmoja mbele ya mwingine, bila kubana. Mteja akasimama kunitazama.

"Mama Matumbo, uko sawa kweli?"

"Niko shule," nikamjibu, nikampimia.

Somo la tatu nikamwinua. Alikuwa mkavu na laini, mzuri kuliko bidhaa yangu. Nilikuwa ndiyo naanza kujivuna alipojizungusha kwenye mkono wangu, akapanda hadi kwenye kiwiko.

"Mtoeni!" nikalia. "Mtoeni, naomba!"

Binti yangu alikuwa ananyonyesha. Mkwe akapiga hatua moja, akasimama. Hangeweza kunigusa mkono. Akaificha mikono yake mgongoni, jasho likimtiririka usoni. "Mum, pumua tu. Tafuta mkia, uanze na huko. Pole pole."

Nikapumua. Nikatafuta mkia. Nikamtoa mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, huku nikimtukana kwa Kiluhya. Mkwe angekuwa mwanangu wa kuzaa angemtoa nyoka mara moja, nami mpaka leo ningekuwa napanda viti.

Kazi nikaipata, na nikawa sivumiliki. Kila mkutano wa chama nilisimulia nyoka. Siku moja nilikuwa nimembadilishia maji, simu ikalia, akawa mwenyekiti wetu. Nikaanza kujisifu. Nilipokata simu, kifuniko cha boksi kilikuwa wazi na mkia ulikuwa unaishia chini ya pazia.

Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi. Nyuma ya pazia dirisha lilikuwa wazi, na nje ya dirisha mafundi walikuwa wakigonga mabati. Nyoka akitokea huko atapondwa, na mimi nitakuwa bibi wa kutembelea Jumapili, baada ya jirani kumwogesha mtoto na kumpaka mafuta. Nilisimama mbele ya pazia nikamwita nyoka kwa adabu zote. Hakuja.

Nikaingia. Nilifumba jicho moja, ili niwe nimeona nusu tu. Alikuwa anapanda blanketi kuelekea dirishani, na kumfikia ilibidi nikae kitandani. Nikakaa. Nikamshika katikati, akajizungusha kwenye kifundo cha mkono wangu, na sikuwa na woga hata kidogo. Nilikuwa na aibu tu, aibu ya kutaka kuzama ardhini.

Mlango ukafunguka. Mkwe alikuwa amerudi kula, na pazia nilikuwa nimeliacha wazi. Alimwona mama mkwe wake juu ya kitanda chake. Akageuka upesi akaanza kusoma kibali ukutani, kama hajawahi kukiona.

"Sijaona kitu, Mum."

"Hakuna cha kuona," nikasema, nikatoka mbio kutafuta stuli. Juu ya stuli kulikuwa na beseni la nepi.

Nilisimama katikati ya chumba na nyoka wake. Mkwe akalitazama beseni. Kisha akaja, akaweka viganja vyake chini ya vyangu, na nyoka akaanza kuhama kutoka kwangu kwenda kwake. Nyoka yule hana haraka. Muda wote aliokuwa anapita, vidole vyetu vilikuwa pamoja, na vyake vilikuwa vinatetemeka. Kijana huyu alimtoa nyoka huyo katikati ya watu wenye mawe, kwa mikono mitupu. Alikuwa ananiogopa mimi.

"Pumua tu, mwanangu," nikamwambia. "Pole pole."