Tapeti za Suleiman

Siku Mwanaasha alipotoka eda alioga, akavaa gauni la maua alilopelekewa na dada yake, akala ubwabwa kidogo na wageni. Wageni walipoondoka akaniita mimi, jirani yake, nimsaidie kusukuma pikipiki ya marehemu mumewe mpaka kwa fundi. Nilimwambia apumzike kwanza. Akasema tangu eda ianze hakufanya kazi nyingine ila kupumzika, na sasa amechoka kupumzika. Nikatazama jua, nikatazama magoti yangu, nikafunga kanga kiunoni. Ujirani nao ni kazi, tena isiyo na mshahara.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imekaa barazani tangu Suleiman afariki, imefunikwa turubai. Enzi zake ilikuwa nyekundu. Sasa chumvi ya bahari hapa Kivinje ilikuwa imeila mpaka spoku, na tairi zote mbili zilikuwa zimelala. Kuisukuma kwenye mchanga wa mtaa wetu ni kama kumsukuma ng'ombe aliyekwisha kuona kisu. Mwanaasha alishika usukani, mimi nikabaki nyuma nikisukuma na kuhema. Wanaume waliokuwa wakicheza bao walituuliza kama tunaipeleka kuiuza, wakatuambia tusikubali bei ya kwanza. Hakuna aliyeinuka. Mji wetu una wingi wa washauri.

Na mimi nilidhani anakwenda kuiuza. Tuliposimama kuvuta pumzi kwenye kivuli cha ukuta wa jengo la kale la enzi za Mjerumani, ndipo aliponiambia.

"Da Kadija, mimi sitaki itengenezwe. Nataka kujua kama alinidanganya."

Nikaelewa, na uchovu wangu ukaongezeka maradufu.

Suleiman alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alikuwa akichukua samaki ufukweni, anafunga tenga nyuma ya pikipiki, anakwenda kuwauza bara, kijiji cha Mitole na mashamba ya huko, na jioni anarudi na mihogo au ufuta. Miaka yote hiyo hakuwahi kulala nje. Kisha mwaka jana akaanza kulala nje. Alikuwa akirudi asubuhi, macho mekundu, suruali imejaa vumbi, na kisa chake kilikuwa kile kile: wakati wa kurudi pikipiki ilikata pumzi kilimani, njia ya Mitole. Ilikuwa inapanda, ikalegea, ikazima. Akipiga kiki ya kuiwasha, mguu unashuka bure kama anakanyaga hewa. Akangoja ipoe, giza likamkuta, akalala msikitini Mitole.

Mara ya kwanza Mwanaasha alimpa pole. Mara ya pili alimpa chai bila pole. Mara ya tatu alimwacha alale, akamwita kaka yake, Twalib, aje aijaribu ile pikipiki. Twalib akapiga kiki moja tu, ikawaka. Mtaa mzima ulikuwa umetoa shingo madirishani, ukaona kwa macho yake. Pikipiki gani inayokufa usiku ikafufuka mchana? Hapo ndipo maneno yalipoanza kwamba Mitole kuna mwanamke anauza chakula, kwamba Suleiman anakula kwake, na akishakula haondoki. Aliyemwona mwanamke huyo simjui mpaka leo. Lakini ushahidi ulikuwa umenguruma uani, nani angebisha?

Suleiman aliapa. Mwanaasha akamwambia aapie wenzake, kisha akanuna. Akawa anamwekea chakula na kumpa mgongo. Waliishi hivyo, nyumba moja, kitanda kimoja, hakuna neno, mpaka asubuhi ile Suleiman alipoanguka sokoni akiwa anafunga tenga lake. Hakuamka. Tulimzika siku hiyo hiyo.

Jeneza lilipokuwa linataka kutoka, wanawake walimwinamia Mwanaasha kama ilivyo desturi. Wakamwambia, mpe mumeo radhi, mwepesishie safari yake. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nimemshika mkono. Aliutazama ukuta. Wakamwambia tena. Wanaume huko nje walikuwa wamekwisha kulibeba na wanangoja. Hakusema. Jeneza likatoka hivyo hivyo, na sisi tulioona tukajifanya hatukuona.

"Siku zote za eda nilikuwa nawaza hilo tu," aliniambia pale ukutani. "Nimemnyima radhi mwongo, au nimemnyima mtu wa kweli? Kama ni mwongo, nitajua pa kuweka hasira zangu. Nimechoka kuzibeba mikononi."

Tukasukuma tena.

Fundi Jerome ana banda la mabati kando ya barabara. Ni mtu wa Masasi, amekaa kwetu hapa mpaka kahawa anaijua kuliko sisi. Mgongo umempinda kwa kuinamia injini, na anazungumza kama mtu anayelipia kila neno. Alitusalimu, "Shikamooni mama zangu," tukaitika marahaba, akaitazama pikipiki.

"Hii ya marehemu Suleiman. Pole sana mama."

"Tumeshapoa," Mwanaasha akasema. "Alikuwa anakuletea uitengeneze?"

"Hapana. Alikuwa anajitengenezea mwenyewe. Kwangu alikuwa anaazima spana tu, na anarudisha."

Mwanaasha akamwambia haja yake bila kuzunguka. Alitaka kujua kama pikipiki ile ilikuwa inakata pumzi kweli siku za uhai wa mwenyewe. Jerome akajikuna kichwa.

"Mama, hapo pagumu. Kila injini ina pumzi yake, inaufinya ule upepo ndani ndipo inapata nguvu. Lakini hii imelala miezi. Ikilala hapa pwani, ring za pistoni zinashika kutu, pumzi inavuja. Naweza nikakuta ugonjwa wa kulala nikasema ni ugonjwa wa zamani. Nitakuwa nimemsemea maiti."

"Jaribu hivyo hivyo, baba."

Akajaza upepo tairi, akamwaga petroli iliyochacha, akatia mpya. Akafungua plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, na mkono wa pili akaisukuma kiki chini. Kidole kikaruka kwa mshindo. Akarudia, kikaruka tena.

"Kifua anacho," akasema. "Hata kutu haijamgusa."

Mwanaasha akakaa juu ya tairi bovu. Fundi alikuwa ameisifia injini, kumbe amemhukumu mtu. Nilitaka kumwambia basi, yameisha, twende nyumbani tukalale, lakini Jerome alikuwa amekwisha kurudisha plagi na kuiwasha. Iliwaka. Alikuwa ameinamisha sikio, uso umekunjamana.

"Mbona kimya hivi?" akauliza. "Injini ya umri huu?"

"Ilikuwa na kelele," Mwanaasha akasema, hata kichwa hakuinua. "Ta-ta-ta-ta, kama cherehani. Alikuwa anaiwasha alfajiri, inaniamsha mimi na mtaa mzima. Mwaka jana nikamwambia aone haya, ainyamazishe. Akashinda nayo uani kutwa nzima na spana, jioni ikawa kimya kama paka."

Jerome alimtazama, akaniangalia na mimi. Kisha akapanda.

"Nisubirini. Naipeleka hapo kilimani, niizungushe mpaka ishike moto."

Tulisubiri. Wakati fulani nilisinzia nimeegemea nguzo ya banda, nikaamshwa na adhana ya alasiri. Tuliswali pale pale juu ya kanga zetu, na bado fundi hajarudi. Nikaanza kumwazia mabaya. Mwishowe tukamwona anakuja barabarani kwa miguu, shati limemganda mwilini, anaisukuma.

"Imezima hapo nyuma tu," akasema. "Imepanda vizuri, imeshika moto, ikalegea, ikazima. Kiki inashuka bure."

Mwanaasha akasimama. Jerome akafungua plagi kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto, akatandika kitambaa kingine juu ya injini.

"Njoo mama, weka kidole mwenyewe. Usije ukasema nimekusimulia."

Akaweka kidole gumba, Jerome akasukuma kiki. Kidole hakikutikisika. Wakarudia. "Kama mtu anapumulia pua," Mwanaasha akasema polepole. Kisha nikaitwa na mimi, nikaweka changu. Kweli, mtoto mchanga angeuzuia upepo ule.

Jerome hakuridhika. Akatia oili kidogo kwenye lile tundu la plagi. Alisema kama ni ring zimeisha, oili itaziba mianya na pumzi itarudi kwa muda. Akapiga kiki tena. Haikurudi. Akasema basi ni valvu, mlango wa juu wa injini, haufungi. Akafungua kifuniko cha huko juu, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Mafundi wetu hawana kipimo kingine cha tapeti, vile vyuma vidogo vinavyozisukuma valvu zifunguke, ila wembe. Akajaribu kuupitisha kati ya tapeti na valvu. Akaugeuza. Akajaribu upande wa pili.

"Hauingii. Hapa wembe lazima upite, ukwaruze kidogo lakini upite. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kama hakikuachiwa nafasi, kinaishikilia valvu wazi, pumzi yote inakwenda na ekzosi. Ikishapoa, chuma kinarudi, valvu inafunga. Kiki moja inawaka."

"Kiki moja," Mwanaasha akasema.

"Kiki moja. Utaapa haijawahi kuugua."

"Kwa hiyo ilikuwa inamzimia kweli."

Jerome alifuta mikono. "Alilala wapi, injini haisemi, mama, na mimi siwezi kukusemea. Lakini kwamba ilimzimia kilimani ikamwacha njiani, hilo naapa. Na kilima cha njia ya Mitole, kwa mzigo mzito, ingemzimia tena na tena." Akainama tena, akawa anazungumza na zile nati kuliko na sisi. "Wengi wanafanya kosa hili. Hawapendi kelele, wanakaza tapeti mpaka injini inanyamaza, wanafurahi. Tapeti inayolia haina neno. Inayonyamaza ndiyo ya kuogopa."

Sidhani kama alijua alichokisema. Alikuwa ameshika spana. Mimi ndiye niliyemwona Mwanaasha akigeuka kunitazama, mdomo wazi, na kidole chake kina oili.

"Mimi ndiye niliyemwambia ainyamazishe," akasema.

Kutwa nzima uani, na jua lote lile, Suleiman alikuwa akikaza tapeti ili mkewe alale. Nikajifuta macho kwa ncha ya kanga, na wala hakuwa mume wangu.

Jerome alingoja ipoe, akalegeza nati mbili. Hakuzigeuza hata robo ya mzunguko. Akapitisha wembe, ukapita, ukakwaruza. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, fupi kuliko kumenya kitunguu. Akafunga, akapiga kiki, na ile sauti ikarudi: ta-ta-ta-ta. Sijawahi kuipenda sauti ile. Ilikuwa ikiniamsha na mimi, kuta zetu zimeshikana. Mwanaasha akaweka kiganja mdomoni, akaisikiliza mpaka machozi yakapita vidoleni. Kisha akaondoa kiganja, akasema pale mbele ya fundi, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Suleiman, nimekupa radhi. Mbele ya Mungu nimekupa."

Jerome akaizima. Akasema atatupelekea pikipiki nyumbani, imepona, ni dakika tu. Mwanaasha akakataa. Kwa hiyo tukarudi tulivyokuja, pikipiki nzima mikononi mwa wanawake wawili wasiojua kuiendesha, yeye mbele na mimi nyuma. Wale wa bao wakauliza imekuwaje, haikupata mnunuzi? Tukawapita.

Tulipofika kwenye ukuta ule ule wa jengo la Mjerumani, akasimama. Nilidhani amechoka.

"Da Kadija," akasema, hakugeuka. "Yangu nimempa. Alikufa sisemi naye, na yeye alikuwa mkweli. Radhi yake mimi nitaiomba kwa nani?"

Mtu wa umri wangu hakosi maneno ya msibani, ninayo tele, nimeyasema kwenye nyumba nyingi. Safari hii nikaweka mikono nyuma ya kiti, mahali tenga la samaki lilipokuwa likifungwa, nikamwambia tusukume, magharibi inaingia.