Msomaji Asiye na Picha

Nilipohamishiwa shule moja ya msingi huko Chanika, sikuwa na mtu wa kumsomea hadithi zangu. Walimu wenzangu walikuwa watu wema, lakini ukimpa mmoja daftari, analirudisha baada ya wiki mbili na kusema, "Mwalimu, una kipaji." Ukimuuliza amemwonaje yule mama wa kwenye hadithi, anaanza kutafuta chaki.

Ndipo nikajiunga na kundi la waandishi kwenye simu. Wengi wetu hatukuwahi kuonana. Ukiweka hadithi, dakika hiyo hiyo zinamiminika alama za makofi. "Noma sana!" "Sehemu ya pili lini?" Mtu mwingine anabandika tangazo la viatu katikati. Mara moja bwana mmoja aliniambia hadithi yangu imejaa makosa. Nilipomwomba anitajie moja, akanyamaza hadi leo. Nilikuwa nafurahi kwa nusu saa, halafu narudi kwenye hadithi na kuikuta vilevile, na ugonjwa wake vilevile.

Kulikuwa na msomaji mmoja asiye na picha. Mahali pa jina aliweka nukta tu. Hakuwahi kuweka hadithi yake mwenyewe, na kwa miezi mingi hakusema neno. Siku moja akaandika chini ya hadithi yangu: "Ukurasa wote wa kwanza anaoga na kupiga mswaki. Anza pale anapofungua mlango." Nilikasirika. Jioni nikafuta ukurasa wa kwanza, na hadithi ikasimama.

Mara ya pili aliandika: "Umesema 'aliogopa' mara tano. Mwenye hofu haioni hofu yake, anaona vitu. Sema alichokiona." Maneno hayo niliyanakili nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo.

Maoni yake yalikuja saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nikiwa nimekaa na chai yangu ofisini. Hayakuja saa nyingine. Nilianza kuisikia kengele ya mapumziko kama inanigongea mimi. Niliposema hilo kundini, mmoja akatania, "Dada, huyo si mtu. Huyo ni jini msomaji." Wakacheka. Mie pia nilicheka, lakini sikuendelea na utani huo.

Basi nikaamua kuandika jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu.

Nilikulia Mbagala, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na uwanja mdogo katikati, ukiwa na geti la bati. Baba alikuja mjini kutoka Masasi, alikuwa mchonga vinyago, na alifanyia kazi pale pale getini. Mkabala na chumba chetu aliishi mama mmoja wa bara, Mkristo, na mume wake aliyekuwa dereva wa lori. Nilikuwa na miaka saba.

Siku hiyo ilikuwa saa nane mchana, jua kali, watu wazima wengi wamelala. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu. Nikamwona mama yangu akikatiza uwanja kwenda getini, amevaa baibui lake jeusi na nikabu usoni, kama alivyovaa kila alipotoka. Nikamwita, "Mama!" Akasimama. Akageuka, akaniangalia, asijibu. Halafu akatoka.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa kitandani, kichwa wazi, mikono mapajani.

"Unamwita nani?" akaniuliza.

Jioni ile kelele zikazuka: jirani wa mkabala hayupo. Redio yake ilikuwa inaimba, nguo zake zilikuwa kambani, viatu vyake viko mlangoni. Hawakumpata siku hiyo wala nyingine. Mganga aliletwa, akazunguka uwanja na chetezo, akasema amechukuliwa. Watu waliamini. Mie niliamini kuliko wote, maana nilijua nimemwona mchukuaji, na alikuwa na umbo la mama yangu. Kwa miaka mingi, mama akitangulia sokoni, nilikuwa namshika mkono kwanza, nihakikishe una joto, ndipo nimfuate.

Hayo niliyaandika. Nikaongeza kwamba sufuria ya maharage aliyoiacha jikoni iliungua, ili moshi uwe ndio uliowaita watu. Nikaongeza jini aliyejivika sura ya mama. Kundi lilitikisika. "Nimefunga madirisha mchana!" mmoja aliandika. Nilipokea sifa siku nzima, nikalala nikiwa mwandishi.

Kesho yake saa nne, ujumbe ukaingia. Safari hii haukuwa kundini, ulikuja kwangu peke yangu.

"Hadithi ni nzuri hadi aya ya nne. Halafu unamleta jini, kwa sababu hujui kilichotokea na unaona aibu kusema hujui. Mtoe. La pili, maharage hayakuungua. Jiko la mkaa kuanzia saa nane hadi jioni, nyumba nzima ingenuka tangu alasiri. Kuna mtu aliyaipua. Mtafute. La tatu, mtoto alikuwa ameshika kikombe cha bati, chekundu. Umekisahau."

Nilisoma mstari wa mwisho mara tatu. Sikuwa nimeandika kikombe popote. Lakini kikaja mkononi mwangu, na ule ubaridi wake, na pale mdomoni palipobanduka rangi. Nilikuwa nacho. Nilikuwa nakunywa maji.

"Mwalimu, kengele imelia," mwenzangu akaniambia. Nilienda darasani nikasimama mbele ya watoto bila kukumbuka kipindi kilikuwa cha nini.

Mchana nikamwandikia: "Wewe ni nani?"

Jibu halikuja mpaka saa nne ya siku iliyofuata: "Msomaji. Mtafute kwanza aliyeyaipua maharage."

Jumamosi nikaenda Mbagala. Baba alishafariki, mama anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo, si mbali na ile ya zamani. Nilimkuta barazani akichagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja bila kupiga simu?"

"Mama, siku ile jirani alipopotea, usiku tulikula nini?"

Vidole vyake vilisimama kwenye mchele. Aliangalia njia, kushoto na kulia, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maharage."

"Ya nani?"

"Ingia ndani."

Ndani alinisimulia akiwa amesimama, mgongo umeegemea mlango. Yule dereva, aliyekuwa mpole mbele za watu, alikuwa akimpiga mkewe kwa taulo lililolowa maji, ili alama zisionekane. Mkewe hakuwa na pa kupita. Kila akiwa nyumbani, mchana mume alikaa getini akicheza drafti, kando ya baba anayechonga. Kwa hiyo mama akamvika yule mwanamke baibui lake na nikabu yake, akamwambia atembee polepole, asitoe sauti.

"Nami nikakaa kitandani nisionekane nje. Tusingeweza kuwa wawili."

"Na maharage?"

"Yangeungua watu wangeingia mapema. Nilitoka kwa upande wa bafuni, nikayaipua, nikayaleta ndani chini ya khanga. Ungetaka niyamwage?"

"Baba alijua?"

Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sikumwambia. Lakini mtu akae na mkewe miaka kumi asiujue mwendo wake? Niliwasikia kutoka ndani: yule bwana alipomsalimia, 'Shemeji, kwema?', na mwenzangu asijibu, baba yako akasema bila kuinua kichwa, 'Mwache huyo, jino linamsumbua.' Akaendelea kuchonga. Hatukuwahi kulizungumza mpaka tunamzika."

Kisha akanikazia macho. "Nani kakwambia habari ya maharage?"

Nikamsomea ujumbe. Nilipofika kwenye kikombe akaziba mdomo kwa kiganja.

"Yupo," akasema. "Yu hai."

Nikamwambia nipige, waongee. Akakataa. Aliapa siku ile kwamba hatataka kujua alikokwenda, ili akiulizwa aseme kweli. Na bado alikuwa anaulizwa. Yule dereva, sasa mzee, alikuwa akija kila Idi kumpa mkono, akinywa chai, na kabla ya kuondoka akiuliza, "Hamjasikia lolote?"

"Kila mwaka?" nikauliza.

"Hajakosa hata mmoja. Na wewe umeiweka wapi hiyo hadithi?"

Niliifuta nikiwa nimesimama pale pale. Kundini walilalamika, niliwaambia naifanyia marekebisho. Jioni nikamwandikia msomaji kwamba nimeshajua. Safari hii alituma sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, yenye lafudhi ya bara.

"Mwanangu, nimekuwa nikisoma hadithi zako tangu ile ya kwanza, uliposema uwanja una geti la bati na mchonga vinyago anaketi hapo. Nikajua. Nikasema ngoja nione kama anaweza kuandika. Siku ile mume wangu alikuwa ameanza kuniangalia miguu. Mama yako hatembei kama mimi. Ndipo ukaita 'Mama', akarudi kwenye drafti yake. Nilitaka nikuitikie. Wallahi, mimi Mkristo, lakini siku ile nilikuwa nimevaa jina la mama yako. Sikuweza."

Asubuhi nilipotaka kumjibu, nukta yake haikuwepo tena kundini. Namba ilibaki. Sikuitumia.

Idi iliyofuata nilikuwa kwa mama. Mzee alikuja asubuhi, kanzu safi, ingawa si dini yake. Alisema anaivaa kwa heshima yetu. Nikampa shikamoo. Nikamwekea chai na vitumbua. Aliongea taratibu, habari za magoti yake, habari za mvua. Halafu akaniambia, "Nasikia siku hizi unaandika hadithi kwenye simu. Mjukuu wangu wa kike yumo kwenye kundi lenu, hunisomea."

"Ndiyo, mzee. Najaribu."

"Kuna moja alinisomea nusu. Nyumba yenye geti. Tulipotaka kumalizia, hatukuiona."

Mama alikuwa anamimina chai. Haikumwagika nje hata tone.

"Niliifuta," nikasema. "Ilikuwa mbaya."

"Mie niliiona nzuri." Akanitazama kwa macho mapole, yaliyoanza kuwa na ukungu. "Yule mwanamke aliishia wapi?"

"Sikujua nimpeleke wapi, mzee."

Akatikisa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu nusu. Akamaliza chai. Hakuuliza lile swali lake la kila mwaka. Mlangoni alisimama muda mrefu akiyaangalia mabaibui ya mama yaliyotundikwa ukutani, kisha akaaga vizuri, akaenda. Mama akafunga mlango kwa komeo mchana ule, na hatukufungua hata wageni wengine walipobisha.

Mzee alifariki kabla ya Idi nyingine. Mama alienda msibani, akakaa na wanawake, akarudi akaoga. Mie nikaandika ujumbe wa mstari mmoja kwenye ile namba iliyobaki. Siku nne zilipita. Siku ya tano, saa nne, nikiwa na chai yangu ofisini, simu ikatetemeka mezani:

"Sasa iandike. Majina usiweke."

Niliandika kwa wiki sita, na nilipomaliza sikuipeleka kundini. Nilimtumia yeye kwanza. Maoni yake yalikuja marefu kuliko yote aliyowahi kunipa: wapi nimerudia neno, wapi nimemfanya mama yangu shujaa kupita kiasi, wapi sentensi inajisifu. Yote niliyafuata. Mwishoni alitaja aya moja, ile iliyoeleza alikokwenda alipotoka getini na aliyempokea, mambo ambayo mama, kumbe akiyajua muda wote licha ya kile kiapo chake, aliniambia baadaye na kuniapisha. Hakueleza sababu. Alisema niitoe.

Nimeitoa.