Mfano Wangu wa Amri ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kijijini kwetu Kilolo, nilijua katekisimu kuliko nilivyojua kuzidisha na kugawanya. Si kwamba nilikuwa mtakatifu. Baba yangu ndiye aliyekuwa katekista wa kigango chetu, na nyumbani maswali ya dini yaliulizwa hata wakati wa kupukuchua mahindi. Padri alikaa parokiani, mwendo wa saa nne kwa miguu, akatufikia mara moja kwa mwezi kama mvua imemruhusu. Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyeongoza ibada. Yeye ndiye aliyezika wafu, ndiye aliyefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, na akimaliza anashika jembe kama watu wengine. Watu walimwita Mwalimu Gaudensi, ingawa masomo yake yaliishia darasa la saba.

Hilo la darasa la saba lilimuuma. Alikuwa na hamu moja tu maishani, kwenda chuo cha makatekista miaka miwili, ili arudi akijua anachokisema. Jina lake lilikwisha kupelekwa mara mbili, na mara mbili akachaguliwa mtu wa kigango kingine. Mwaka ninaousimulia, parokia ilipata nafasi moja, na baba paroko akamwambia hivi: nitakuja kuwatahini watoto wako wa Komunyo mbele ya wazee wa halmashauri ya walei, wakijibu vizuri, nafasi ni yako. Siku hiyo baba alirudi nyumbani akiimba, na baba yangu hakuwa na sauti ya kuimba hata kidogo.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alichukia watoto wa kukariri. "Ukinijibu kama kitabu," alikuwa akisema, "sijui kama umeelewa. Nipe mfano wa nyumbani." Siku moja, kwenye amri ya nane, kijana mmoja alitoa mfano wa mama yake aliyemwambia mgeni kwamba chakula kimeisha, na ugali upo ndani umefunikwa. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mama wa yule kijana hakutusalimia wiki nzima, lakini baba alikisifu sana kile kichwa. Nami nikawa na wivu, nikaapa kwamba siku ya mtihani mfano wangu utakuwa mzuri kuliko wote.

Sasa kulikuwa na bibi yangu, mama yake baba, tuliyekaa naye mji mmoja. Bibi alibatizwa uzeeni, na rozari haikumtoka shingoni hata akiwa anapalilia. Lakini babu alikufa bila ubatizo, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na mianzi tuliyogema ulanzi, pombe yetu. Kwetu Wahehe, mtu anayeondoka kwenda kukaa mbali huwaaga waliolala makaburini. Asipowaaga, safari yake haifiki. Bibi alikuwa na ushahidi wake: mwanawe mkubwa aliondoka kwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi bila kumwagia babu hata tone la ulanzi, na alirudishwa ndani ya jeneza.

"Sikukatazi kanisa lako," alimwambia baba. "Kamwambie tu baba yako kwamba unakwenda. Kuna ubaya gani mtoto kumuaga baba yake?"

"Mama, mimi ni katekista."

"Na mimi ni nani yako?"

Baba alikataa wiki mbili. Bibi naye akaacha kula. Hakugomba wala hakununa, alisema tu kwamba hana njaa, akalala kitandani ameelekea ukutani. Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, baba alikubali. Walikwenda alfajiri, ukungu umefunika bonde lote, nami niliamshwa kwa sababu kibuyu cha ulanzi hubebwa na mjukuu. Bibi alimwaga ulanzi, akanyunyiza unga, akaanza kuongea na babu kwa Kihehe, kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwambia jambo mume asiyesikia vizuri. Baba alivua kofia akapiga magoti. Tulipokuwa tunarudi, bibi alinishika sikio.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "haya ya leo hayatoki nje ya mji huu. Ukiyatoa, babu yako atamfungia baba yako njia. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Na kweli nilisikia. Mtu asiseme sikuambiwa.

Jumamosi kanisa lilijaa. Baba paroko alikaa mbele na wazee watatu wa parokia, sisi watoto kumi na wanne tukapanga mstari, na baba akasimama pembeni na shati lake la kwenda mjini. Tulijibu vizuri. Tulijibu vizuri mno, hata mzee mmoja akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha paroko akauliza amri ya kwanza inakataza nini, tukamwambia. "Haya, mifano," akasema, kwani baba alikuwa amemweleza kuhusu ile mifano ya nyumbani. Mmoja akasema kwenda kwa mganga. Mwingine akasema kuvaa hirizi, wa tatu kuogopa bundi. Zamu ilipofika kwangu mifano yote niliyoiandaa ilikuwa imekwisha chukuliwa. Nilimtazama baba. Alikuwa akinitazama kwa matumaini, nami niliitaka ile nafasi yake kuliko alivyoitaka mwenyewe.

"Ni kama mtu akimwagia kaburi la babu ulanzi," nikasema kwa sauti ya kusikika vizuri, "ili safari yake ya chuo ifike."

Wenzangu wakacheka. Wakubwa hawakucheka. Paroko aliinama kidogo, akaniuliza kwa upole, "Nani huyo, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilifunga mdomo, nikauma ulimi hadi nikasikia chumvi ya damu. Nadhani ningekaa hivyo hadi jioni. Lakini baba aliondoka pale pembeni, akaja akasimama nyuma yangu na kuniwekea mkono begani.

"Ni mimi, Baba," akasema.

Paroko yule hakuwa mtu mbaya. Alivuta pumzi, akasema, "Mwalimu, ungeniambia mapema." Ni wazee waliosema hakuna namna ya kumpeleka chuo mtu wa aina hiyo, na kwa kuwa waliyasema mbele ya watu wote, paroko hakuwa na pa kutokea. Nafasi ilipewa mtu wa kigango cha jirani. Baba akaambiwa apumzike kuongoza ibada hadi jambo litulie. Halikutulia. Mimi nilifaulu, nikapokea Komunyo nimevaa gauni jeupe.

Njiani kurudi nyumbani siku ile nilikuwa nikilia. Baba aliniambia, "Ulijibu vizuri. Mfano ulikuwa wa kweli." Laiti angenichapa. Bibi alimwambia mama yangu tu, "Nilimkanya," na tangu siku hiyo hakuniita tena mke mwenzake, akaniita kwa jina langu la ubatizo kama mtu wa ofisini. Alikufa akiamini kwamba babu ndiye aliyefunga njia.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo sikuisema kanisani. Pale kaburini nilipiga magoti karibu sana na baba, bega kwa bega, na wakati mama yake anaongea na babu, yeye alikuwa anasali Salamu Maria kwa mnong'ono, toka mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Alimwogopa Mungu, na alimwogopea mama yake aliyekuwa amekataa chakula, akajaribu kuwapa wote wawili walichotaka. Mimi nililisikia hilo. Lakini niliulizwa mfano wa dhambi, basi nikatoa dhambi peke yake, na nilipouma ulimi, sala nayo nikaiuma. Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia mama. Akasema, "Sasa unaniambia mimi ili nifanye nini?"

Baba alikaa benchi la mwisho miaka sita. Vilabu vya ulanzi vilimzoea. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, msimu wa masika, barabara imekatika kwa tope, padri asiweze kufika na kigango hakina katekista. Nilichukua kitabu chake cha ibada, nikasoma mazishi yake mwenyewe tangu mwanzo hadi udongo wa mwisho. Wazee wakasema mtoto huyu ni baba yake mtupu. Kwa maneno hayo, miaka michache baadaye, ilipopatikana nafasi ya chuo, walinipeleka mimi.

Sasa nipo Mbeya, nafundisha makatekista na viongozi wa jumuiya. Wananiita Mwalimu. Wako wanaoniuliza, wenye mvi wengine, wafanyeje na mama zao na makaburi, nami nawapa jibu la kitabu, maana lingine sina. Kijijini kwetu hadi leo hakuna katekista. Kijana mmoja husoma masomo ya Jumapili kwa kubabaika, na walio wengi wamekwisha hamia makanisa mengine au wamebaki nyumbani.

Mimi siamini kwamba babu alifunga njia yoyote. Najua aliyeifunga. Nimeliungama jambo hili kwa mapadri watatu tofauti, na wote watatu, kwa huruma, waliniambia jambo lile lile: mtoto wa miaka tisa aliyesema kweli hana dhambi hapo, nenda kwa amani. Na kama si dhambi, hakuna padri wa kuniondolea.