Maji Mafu

Kitu cha kwanza kunichefua katika jarida letu ni kadi. Tulikuwa wanafunzi watano wa uzamili kule chuoni Tunguu, tumejipa kazi ya kuendesha jarida la uhusiano wa kimataifa, hatujatoa hata toleo moja, na kila mmoja keshachapisha kadi za jina. Mhariri mkuu wetu, kijana wa Kiembe Samaki mwenye suti moja ya kijivu, alikuwa akiita vikao kwenye roshani ya hoteli Mji Mkongwe ili tupigwe picha kama mabalozi. Makala zenyewe tukigawana huku tunashuka ngazi. Mimi niliona kinyaa, na kila kikao nilikwenda. Kadi yangu ninayo mpaka leo, imeandikwa Mhariri wa Lugha.

Kazi ya kweli tuliifanyia chuoni, kwenye stoo ya viti vibovu iliyokuwa ikinuka mikojo ya popo. Utaratibu ulikuwa hivi: makala ikifika inakuja kwangu kwanza, nasafisha lugha, nafuta jina la mwandishi, kisha naipeleka kwa mhakiki, na yeye ndiye anayesema ichapishwe au itupwe. Mwandishi hatakiwi kumjua mhakiki, wala mhakiki kumjua mwandishi. Hayo kwenye kisiwa ambacho kwetu Ng'ambo ukipika pilau, mtaa wa pili wanajua umetia nyama gani.

Siku moja ikaingia makala ya mwenzetu wa darasani, msichana wa Makunduchi, baba yake mchokoa pweza. Alikuwa kaandika habari za wavuvi wetu wanaovuka mpaka kwenda dago, yaani kupiga kambi mwambao wa Kenya, na jinsi wanavyopatana na wenyeji wa huko bila ya serikali wala karatasi. Vikao vya mapatano, alisema, hukaliwa siku za maji mafu. Ilikuwa kazi nzuri, na nilimwonea wivu, nasema kweli. Aliihitaji ikubaliwe kabla ya muhula kwisha, maana kwetu mtu haruhusiwi kutetea tasnifu yake mpaka awe na barua kwamba makala yake moja imekubaliwa. Bila ya barua ile hamalizi.

Mimi bahari naijua kwa kuogea sikukuu. Nilipokutana na hayo maji mafu nikasema huyu kakosea kuchapa, alikusudia machafu. Na neno halikuwa pahala pamoja, lilikuwa kila ukurasa, basi nikaiamrisha kompyuta ibadilishe yote kwa mkupuo mmoja. Nikajiona fundi. Kumuuliza mwenyewe sikumuuliza, na darasani tulikuwa tunakaa safu moja.

Mhakiki wake alikuwa daktari mmoja wa chuoni, ambaye pia ndiye mlezi wa jarida, na ndiye msimamizi wa tasnifu yangu na ya mhariri mkuu. Jibu lake lilikuwa mistari miwili: mwandishi hana nadharia, itupwe. Nikampelekea mwenzangu barua ya kukataliwa kwa mkono. Akaisoma, akaikunja mara nne.

"Hata marekebisho hawakutaka?" akaniuliza.

"Hata marekebisho."

Haukupita muda mrefu daktari naye akaleta makala yake, kwa ajili ya toleo la kwanza. Nikaifungua nisafishe lugha. Wavuvi wanaovuka mpaka. Dago. Mapatano bila ya karatasi. Na juu kabisa, kwa herufi nene: Diplomasia ya Maji Machafu. Kurasa nzima mtu mzima anaeleza kwamba wavuvi wetu huchagua kukaa kikao penye maji machafu, kwa kuwa uchafu huondoa ukubwa na udogo baina ya mataifa. Alikuwa kachora na mchoro, una mishale.

Nikaenda kumuuliza muuza samaki wetu wa mtaani, maji mafu ni kitu gani. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia ni zile siku zisizokuwa za bamvua, maji hayatoki sana wala hayajai sana, miamba haionekani, basi wachokoa pweza hawana kazi, wanakaa wanazungumza yao.

"We umezaliwa hapahapa Unguja?" akasema.

Nikacheka kwanza. Kisha nikaacha, maana lile kosa lilikuwa langu. Hakuna mtu aliyeandika machafu ila mimi, na halikuweza kumfika daktari ila kwa faili nililompelekea mimi. Alikuwa kaiba mpaka ujinga wangu, kaujengea na nadharia.

Nikamwambia mhariri mkuu. Alikuwa anakula sambusa. Hakushituka hata kidogo.

"Nshaona," akasema. "Lakini yeye ndo anayetusainia. Wewe unataka kumaliza au hutaki?"

Akanimegea nusu ya sambusa yake, mafuta yanamtiririka kwenye vidole. Nikaipokea nikaila, na hicho ndicho ninachojichukia zaidi katika siku ile.

Maneno hayakai Unguja. Mwenzangu akasikia, akaja stoo na makala yake mkononi, na siku hiyo daktari yupo, anatusaidia kuchagua picha ya jalada.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akamsogezea kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Mwenzangu akasema, bila ya kupandisha sauti, kwamba kasikia kuna makala inayofanana na yake, na anaomba kuiona. Nilitegemea daktari atababaika. Wapi. Akamgeuzia kompyuta.

"Soma, mwanangu. Wewe umeandika habari za maji gani?"

"Maji mafu."

"Basi mimi nnazungumzia maji machafu. Bahari ni moja, lakini hivyo ni vitu viwili."

Akasoma. Mwanzo alikuwa anaitikia kwa kichwa, mtu anayekutana na vitu vya nyumbani kwao. Kila akifika kwenye lile neno anasita. Nilikuwa namwona anavyopungukiwa na uhakika aliokuja nao. Hakuna mtu wa kwao angelikosea vile, na mwizi wa makala yake angeliiba maji mafu, ndiyo roho ya kazi yenyewe. Pale kwenye mchoro wenye mishale akaacha kusoma, akanigeukia mimi.

"Dada, wewe ndo mwenye lugha hapa. Makala yangu ilipotoka kwako kwenda kwa mhakiki, ilisema mafu au machafu?"

Faili nililompelekea mhakiki lilikuwa mlemle kwenye kompyuta aliyokuwa anaisoma. Mhariri mkuu akavua miwani akaanza kuipangusa kwa ncha ya tai. Daktari alikuwa ananitazama kwa upole kabisa, kama anavyonitazama ninapompelekea sura mpya ya tasnifu, na sura yangu ya mwisho ilikuwa mezani kwake inangoja saini.

"Mafu," nikasema. "Kama ulivyoandika."

Akanishukuru. Akazikusanya karatasi zake, akasimama, akamwomba daktari radhi kwa kumdhania vibaya. Na daktari akamsamehe, mbele yetu sote.